Hesabu za mlipuko zinapomsahau mwananchi

Septemba 2014, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilitoa makisio yaliyoitikisa dunia. Hali ikiendelea kama ilivyokuwa, kilisema, Liberia na Sierra Leone zingefikisha wagonjwa wa Ebola 550,000 ifikapo Januari 20, 2015. Na kwa kuwa wagonjwa wengi hawakuwa wakiripotiwa, idadi halisi ingeweza kuwa milioni 1.4.

Haikufika huko. Mlipuko ulipozimwa mwaka 2016, nchi hizo mbili pamoja na Guinea zilikuwa zimeandikisha wagonjwa zaidi ya 28,600, na waliofariki walizidi 11,300. Ulikuwa msiba ambao Ebola haijawahi kuuleta kabla wala baada ya hapo. Hata hivyo, kati ya msiba huo na ule uliotabiriwa kuna pengo kubwa, na pengo hilo lina mengi ya kuwafundisha wanaotunga hesabu za magonjwa na wanaozitumia kuamua.

CDC haikuficha kitu. Ilieleza kwamba namba zile zingetimia iwapo misaada isingeongezeka na watu wasingebadili mienendo yao. Ripoti ileile ilionyesha pia kwamba kama asilimia 70 ya wagonjwa wangetunzwa kwenye vituo vya matibabu, au mahali pengine penye tahadhari pamoja na mazishi salama, ugonjwa ungeanza kurudi nyuma. Lakini iliyoshika vichwa vya habari ni ile milioni 1.4, yaani hesabu ya nchi ambamo jirani anazikwa leo na kesho watu wanaendelea kupeana mikono kama kawaida. Nchi ya namna hiyo haipo.

Mzizi wa jambo hili ni wa zamani. Mwaka 1927, W. O. Kermack na A. G. McKendrick, waliokuwa wakifanya kazi Scotland, walichapisha milinganyo ambayo bado ni msingi wa modeli nyingi za magonjwa. Katika umbo lake rahisi, jamii hugawanywa makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na wale waliokwisha kupona au kufa. Viwango vinavyoongoza kasi ya kuhama kutoka kundi moja hadi jingine huwekwa kuwa namba zisizobadilika. Ni hesabu nzuri, na imesaidia sana. Tatizo ni kwamba hofu, tetesi, upungufu wa magari ya wagonjwa na amri za serikali haviingii ndani yake mpaka mtu aviingize kwa makusudi.

Kaunti ya Lofa, kaskazini mwa Liberia, ilionyesha mapema kinachokosekana. Katika wiki iliyoishia Agosti 16, 2014, wagonjwa wapya walioripotiwa huko walikuwa 153. Katika wiki iliyoishia Novemba 1 walikuwa wanne tu. Kulikuwa na kituo cha Madaktari Wasio na Mipaka mjini Foya, timu za mazishi, wafuatiliaji wa watangamano, yaani waliokaribiana na mgonjwa, na mazungumzo ya mara kwa mara na wanakijiji. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichotosha peke yake.

Mwezi uleule wa Agosti, jijini Monrovia, serikali ilikizungushia kitongoji cha West Point askari na waya. Wakazi wakakabiliana na askari, kijana mmoja akapoteza maisha, na baada ya siku kumi karantini ikaondolewa. Kwenye karatasi, Lofa na West Point zote zingeweza kuandikwa kwa neno moja: hatua zimechukuliwa. Kwa aliyekuwa akiishi huko, zilikuwa dunia mbili tofauti.

Muda nao una uzito wake. Jeshi la Marekani lilijenga vituo 11 vya matibabu nchini Liberia, lakini vingi vilikamilika wakati wimbi limeshapita, na kwa jumla vilipokea wagonjwa wa Ebola 28 tu. Modeli inayohesabu kitanda tangu siku kilipoahidiwa, badala ya siku muuguzi aliposimama kando yake, humdanganya waziri anayeitegemea.

Somo hilo lilirudi kwa ukali zaidi mashariki mwa Kongo. Mlipuko uliotangazwa Agosti 1, 2018 katika Kivu Kaskazini, na kuenea Ituri, ulikuwa na silaha ambayo Afrika Magharibi iliipata mwishoni kabisa: chanjo. Wiki moja baadaye uchanjaji ukaanza kwa watangamano wa kila mgonjwa, na watangamano wa watangamano hao. Kihesabu, mpango huo ungeweza kuukata mnyororo haraka. Lakini mtangamano huchanjwa akipatikana, na hupatikana akikubali kufungua mlango.

Katika miji ya Beni na Butembo milango mingi ilifungwa. Utafiti uliofanywa huko Septemba 2018, ukiwahoji watu wazima 961, ulikuta kwamba mmoja kati ya wanne hakuamini kuwa Ebola ipo, na chini ya theluthi moja walikuwa na imani na viongozi wa maeneo yao. Desemba uchaguzi ukaahirishwa katika miji hiyo, wananchi wakaandamana. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Aprili, daktari Richard Mouzoko, raia wa Cameroon aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akauawa hospitalini Butembo.

Mwaka huohuo, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Yale waliingiza matukio ya vurugu ndani ya modeli yenyewe. Walionyesha kuwa mashambulio yalikwamisha uchanjaji na utengaji wa wagonjwa, na mlipuko uliokuwa ukishuka ukapanda tena. Ulipotangazwa kumalizika Juni 25, 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa kati ya wagonjwa 3,470.

Kazi ya aina hiyo inahitaji kumbukumbu ambazo kwa kawaida hazitunzwi. Wagonjwa huhesabiwa kila siku, lakini mwitikio hauhesabiwi hivyo: ni siku ngapi zilipita tangu homa ianze hadi mgonjwa atengwe, ni wagonjwa wapya wangapi walikuwa tayari kwenye orodha ya watangamano, ni wangapi walifia nyumbani, ni siku zipi timu ilizuiwa njiani. Mjini Beni na Butembo kilianzishwa kitengo cha sayansi ya jamii, kikiongozwa na UNICEF, kilichosikiliza wananchi na kuyaweka maneno yao kando ya takwimu za ugonjwa. Kitengo kama hicho kinastahili kuwepo tangu siku ya kwanza ya mlipuko wowote, na wanahisabati wakae humo pamoja na wauguzi na wahudumu wa afya wa vijiji.

Afrika Mashariki haina muda wa kusubiri. Mwaka 2022 Uganda ilikabiliwa na aina ya Ebola isiyo na chanjo iliyoidhinishwa, ikafunga wilaya za Mubende na Kassanda mwezi Oktoba, na Januari 11, 2023 ikatangaza ushindi baada ya wagonjwa 142 kuthibitishwa. Tarehe za kufunga, za kutenga na za kuzika zimo katika madaftari ya wilaya. Wizara zetu za afya ziyafungue madaftari hayo kwa watafiti wa Makerere, Muhimbili na Nairobi, ili makisio yajayo yatungwe na watu wanaozijua barabara zenyewe.