Hati za Geniza ya Cairo: Kuhifadhi Picha na Kuhifadhi Lugha

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi historia ya Wayahudi wa Misri inavyohifadhiwa katika mtandao wa intaneti, na kuonyesha kwamba kazi hiyo, ijapokuwa hudhaniwa kuwa ya mafundi wa mitambo, kwa hakika ni kazi ya wanalugha.

Yafaa tuanze na asili ya hati zenyewe. Huko Fustat, yaani Cairo ya kale, liko sinagogi la Ben Ezra. Kwa desturi ya Kiyahudi, maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi ovyo. Huwekwa katika ghala liitwalo geniza mpaka yatakapozikwa. Wayahudi wa Fustat walirundika humo karatasi zao kwa karne nyingi, na pamoja na maandishi ya dini waliweka barua, mikataba ya ndoa, hesabu za biashara na hata mazoezi ya watoto waliokuwa wakijifunza kusoma. Mwishoni mwa mwaka 1896 Solomon Schechter alikwenda Cairo, na vipande vipatavyo 190,000 vikapelekwa Cambridge. Vingine viliuzwa kwa watu mbalimbali. Leo vipande hivyo, ambavyo jumla yake yakadiriwa kuwa 400,000 hivi, vimetawanyika katika maktaba nyingi za dunia.

Kwa hiyo waraka mmoja ulioraruka waweza kuwa na nusu yake Cambridge na nusu ya pili New York. Hapa ndipo tarakilishi ilipoleta faida. Mradi wa Friedberg, ulioanzishwa mwaka 1999, umekusanya picha kutoka maktaba hizo, na mtafiti aweza kuviunganisha vipande vilivyotengana bila ya kusafiri.

Hata hivyo, kuiona hati si kuisoma. Sehemu kubwa ya barua hizo ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Ajuaye Kiarabu peke yake hazitambui herufi. Ajuaye herufi peke yake hayaelewi maneno. Ndiyo maana S. D. Goitein alitumia miaka mingi kuzisoma na kuzinakili, na tangu mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Princeton kimekuwa kikiingiza matini zilizonakiliwa katika tarakilishi, ili msomaji aweze kutafuta neno.

Mfano mmoja watosha. Katika hati za Cambridge imo barua ya mfanyabiashara David kwa ndugu yake, mwanafalsafa Musa bin Maimuni. Aliiandika katika bandari ya Aidhab, pwani ya Bahari ya Shamu, akimwarifu kwamba amekata shauri kwenda Bara Hindi. David alikufa maji katika Bahari ya Hindi. Kwa asiyeisoma, barua hiyo ni karatasi kuukuu tu.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa kuwa wenye hati wameondoka. Baada ya vita vya 1948, 1956 na 1967, karibu Wayahudi wote wa Misri waliihama nchi hiyo. Hawapo tena wazee wengi wa kuulizwa maana ya neno lililofifia.

Nasi tunayo miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, iliyohifadhiwa London na Dar es Salaam. Katika miswada mingi ya kale, irabu *e* na *i* huonyeshwa kwa alama moja, na vivyo hivyo *o* na *u*. Picha ya mswada, hata ikiwa safi namna gani, haimwambii msomaji ni irabu ipi iliyokusudiwa. Humwambia yule aliyeirithi lugha na mapokeo ya utenzi.

Basi, kila picha inayowekwa mtandaoni hapana budi ifuatane na matini iliyonakiliwa, maelezo ya msamiati, na jina la msomaji aliyeifasiri. Wasomaji wa namna hiyo hupungua mwaka hata mwaka, na mitambo haiwezi kuwangojea.