Sauti ya marehemu baba na waya wa ardhi
Namna ya kuunganisha kompyuta na amplifaya ya nyumbani kwa salama

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mijini leo mna vitu viwili vinavyokaa chumba kimoja bila kujuana. Kimoja ni kompyuta mpakato, iliyojaa darsa, visomo, mawaidha na picha za arusi. Kingine ni amplifaya ya zamani pamoja na spika zake mbili za mbao, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma juu ya kabati la sebuleni, ambayo huamshwa siku ya Idi na kulazwa tena. Makala hii inaeleza namna ya kuvikutanisha viwili hivyo. Inaeleza pia kosa tulilolifanya nyumbani kwetu, kosa ambalo lingeweza kumgharimu mama yetu uhai wake lau si rehema ya Mwenyezi Mungu.

Marehemu baba, Allah amrehemu, alituachia kanda nne za kaseti. Alijirekodi mwenyewe akisimulia nasaba yetu: nani alimzaa nani, nani alihamia wapi, na kwa sababu gani. Mwaka jana mpwa wangu aliye chuoni alikuja likizo, akazihamishia kanda zile kwenye kompyuta yake kabla ukungu haujazila. Jioni ile tulikusanyika kusikiliza. Mama akasikiliza kwa muda, kisha akasema, "Ni yeye, lakini namsikia kama yumo ndani ya kopo."

Alisema kweli. Spika za kompyuta mpakato ni ndogo kuliko kifuniko cha chupa ya maziwa, na kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito ya mwanamume. Tulimpa spika za kuvaa masikioni, naye akazirudisha. "Mwanangu," akaniambia, "nimsikilize mume wangu peke yangu, na wajukuu wake wamekaa wananitazama?" Hapo ndipo tulipoikumbuka amplifaya.

Sauti inavyosafiri

Kompyuta haihifadhi sauti kama kanda inavyoihifadhi. Ndani yake sauti ni safu ndefu ya tarakimu. Katika diski ya CD, kwa mfano, mawimbi ya sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde moja, na kila kipimo huandikwa kuwa nambari. Unapotaka kusikiliza, kifaa kidogo kilicho ndani ya kompyuta huzigeuza nambari hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata umbo la sauti ya asili.

Umeme huo ni dhaifu mno. Kwa kawaida haufiki hata volti mbili. Unatosha kutikisa kiwambo kidogo kilicho karibu na sikio, lakini hautoshi kutikisa spika ya sebuleni. Kazi ya amplifaya ni kuupokea unyonge huo na kuupa nguvu bila kuubadili umbo. Kwa hiyo kuunganisha vyombo hivi viwili maana yake ni kuuchukua umeme dhaifu kutoka kwenye kompyuta na kuufikisha kwenye mlango sahihi wa amplifaya. Wengi wetu hukosea pale kwenye kuchagua mlango.

Waya na tundu lake

Waya unaohitajika hauna gharama kubwa. Upande mmoja una pini ndogo ya milimita 3.5, ile ile ya spika za masikioni. Upande wa pili una vichwa viwili, chekundu na cheupe, kama vile vya deki. Chekundu ni cha upande wa kulia, na cheupe ni cha upande wa kushoto. Katika kompyuta ya mezani pini huingia kwenye tundu la rangi ya kijani. Tundu la waridi ni la kipaza sauti, nalo si lake. Katika kompyuta mpakato, tafuta tundu lenye alama ya spika za masikioni.

Nyuma ya amplifaya utakuta matundu mengi yenye majina. Yanayofaa ni yale yaliyoandikwa AUX, CD au LINE IN. Ukitumia lile la TAPE, hakikisha ni upande ulioandikwa PLAY au IN, kwa kuwa ule wa REC au OUT hutoa sauti nje, haupokei. Kisha zungusha swichi ya mbele ielekee kwenye jina hilo hilo. Mtu anaweza kumlaumu fundi siku nzima, kumbe swichi imebaki kwenye redio.

Jihadhari na tundu la PHONO. Sisi ndilo tulilolitumia kwanza, kwa sababu tu lilikuwa wazi. Sauti ya baba ilitoka imekwaruza na kupasuka hata watoto wakaziba masikio. Tundu hilo limewekwa kwa ajili ya gramafoni, ambayo sindano yake hutoa umeme wa sehemu chache tu za elfu za volti. Amplifaya huukuza umeme huo kupita kiasi cha matundu mengine, tena huongeza sauti nzito na kupunguza nyembamba ili kurekebisha namna sahani zilivyorekodiwa. Kuingiza kompyuta humo ni kama kumpigia kelele mtu aliyetega sikio kusikia mnong'ono.

Kosa jingine ni baya zaidi, nalo ni kuunganisha kompyuta kwenye vibano vya spika vya amplifaya. Pale umeme umekwisha kukuzwa, nao unaweza kuunguza kompyuta mara moja. Vibano hivyo ni vya spika peke yake.

Ikiwa kompyuta yako haina tundu la pini, kuna njia nyingine. Kipo kigeuzi kidogo kinachochomekwa kwenye USB, nacho hufanya kazi ya kugeuza tarakimu kuwa sauti nje ya kompyuta. Amplifaya za kisasa zinazopokea pia picha hukubali waya wa HDMI. Iko pia Bluetooth, ambayo haihitaji waya na hufaa kwa umbali wa mita kama kumi ndani ya nyumba, ingawa ukitazama picha unaweza kuona midomo ikitangulia maneno. Kwa njia zote hizi, fungua mipangilio ya sauti ya kompyuta na uchague kifaa kipya, la sivyo kompyuta itaendelea kuzungumza kwa spika zake yenyewe.

Mvumo

Tulipohamia tundu la AUX, sauti ya baba ilinyooka. Lakini chini yake ulikuwapo mvumo mzito usiokoma, kama jenereta inayonguruma nyumba ya tatu. Kila alipotua kuvuta pumzi, mvumo ulijaza nafasi yake.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na vipaza sauti vya msikiti hupita mikononi mwangu, nikajiona najua. Nikamwita fundi wa mtaani. Akaifungua plagi ya amplifaya, akauchomoa waya wa rangi ya kijani na manjano, akaufunga tena mfuniko. Mvumo ukatoweka papo hapo. Tukamlipa, tukamshukuru, tukasikiliza kanda mbili usiku ule.

Siku ya tatu mpwa wangu alirudi chuoni na kompyuta yake. Amplifaya ikabaki, mama akisikilizia redio. Asubuhi moja alikuwa akiifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, nikamsikia akisema, "Hii redio yenu inanisisimua vidole." Nikaigusa kwa nyuma ya mkono. Ilikuwa kweli. Nikazima swichi ya ukutani, moyo ukinienda mbio.

Fundi wa pili, mzee aliyewahi kufanya kazi ya umeme miaka mingi, alitueleza yaliyotokea. Waya wa kijani na manjano ni waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Kazi yake ni kuliunganisha bati la nje la chombo na ardhi, ili umeme ukivuja ndani ujipitie chini na kukata fyuzi au swichi kuu, badala ya kumngoja mtu. Wakati kompyuta ilipokuwa imeunganishwa, ganda la waya wa sauti lilikuwa likifanya kazi hiyo kwa bahati tu, kupitia ardhi ya chaja ya kompyuta. Kompyuta ilipoondoka, amplifaya ikabaki haina ardhi hata kidogo. Msisimko alioupata mama ulikuwa uvujaji mdogo. Lau waya wa moto ungegusa bati, ungepita umeme wote wa volti 230 katika mkono uliolowa.

Ndugu msomaji, ikiwa utasahau yote mengine katika makala hii, usisahau hili: waya wa ardhi haukatwi kwa sababu ya mvumo, wala kwa sababu nyingine yoyote.

Tiba ya haki

Mvumo wenyewe una sababu inayoeleweka. Amplifaya yetu ina ardhi yake kupitia plagi, na chaja ya kompyuta ina ardhi yake kupitia plagi nyingine. Waya wa sauti ulipoviunganisha, ikafanyika pete: kutoka ukutani hadi kwenye amplifaya, hadi kwenye kompyuta, hadi ukutani tena. Umeme mdogo huzunguka katika pete hiyo kwa mwendo wa umeme wa gridi yetu, mizunguko 50 kwa sekunde, na amplifaya huudhania kuwa ni sauti, ikaukuza.

Jaribio lake ni jepesi. Chomoa chaja na uache kompyuta itumie betri. Mvumo ukikoma, ni hiyo pete. Ukibaki, chomoa waya wa sauti kwenye amplifaya. Kama bado unavuma, ugonjwa umo ndani ya amplifaya yenyewe, na hilo ni la fundi. Ukinyamaza, angalia waya wa sauti, huenda umelegea au umekatika ganda.

Kwa kuwa kwetu mvumo ulikoma chaja ilipotoka, tulifuata hatua kwa mpangilio. Kwanza, waya wa ardhi ulirudishwa mahali pake, na mzee yule akaupima. Pili, amplifaya na chaja zote zilichomekwa kwenye ekstensheni moja yenye ardhi, ili pete iwe fupi. Mvumo ukapungua sana. Tatu, tulinunua kisanduku kidogo chenye transfoma ndani yake, ambacho hukaa katikati ya waya wa sauti. Transfoma hupitisha sauti bila waya wa upande mmoja kugusana na wa upande wa pili, na hivyo pete hukatika mahali pasipo na hatari. Mvumo ukaisha. Anayesikiliza kwa muda mfupi anaweza kuacha ununuzi huo wote na kutumia betri peke yake.

Kabla ya kuwasha

Yako machache ya kumalizia. Angalia nyaya za spika: wekundu uende kwenye wekundu, na weusi kwenye weusi, kwa spika zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, haitaharibika, lakini sauti nzito itapotea na maneno yataonekana yanatoka pasipojulikana. Soma pia idadi ya omu nyuma ya amplifaya. Spika mbili za omu 8 zikifungwa pamoja kwenye vibano vya upande mmoja huwa omu 4, na amplifaya isiyoandikiwa kiwango hicho hupata joto na kuungua.

Sauti ya kompyuta iweke karibu na robo tatu, kisha pandisha au shusha kwa kitufe cha amplifaya. Zima milio ya taarifa, maana mlio mmoja wa ujumbe kupitia spika kubwa humshtua mgonjwa aliyelala. Wakati wa kuanza, amplifaya iwashwe mwisho. Wakati wa kumaliza, izimwe kwanza. Mpangilio huo huziepusha spika na mshindo.

Na nguvu hii tuliyoipata ina adabu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80, na kwa watoto ushauri ni desibeli 75. Ikiwa inabidi kuinua sauti ili kuzungumza na aliye karibu yako sebuleni, punguza. Na jirani ana haki yake, hata kama unachokisikiliza ni jambo la kheri. Kheri haimlazimishi asiyelala kuamka.

Likizo iliyofuata mpwa wangu alirudi. Tuliunganisha baada ya swala ya Isha, mama akakaa kwenye kiti chake baina ya spika mbili, wajukuu mkekani. Kanda ya tatu ilipofika mahali baba anapotaja majina ya wazee wa upande wa mama, alinyamaza kidogo, akakohoa, kisha akauliza mtu aliyekuwa nje ya chumba, "Bibi yao, yule mkubwa wenu alikuwa nani?" Na kwa mbali, kwenye kanda, ikasikika sauti ya mwanamke kijana ikijibu kutoka jikoni.

Hakuna aliyekuwa ameisikia sauti hiyo kabla ya usiku ule. Mjukuu mdogo akageuka na kuuliza, "Huyo ni nani?" Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio wake. "Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nakuna nazi."

Wabillahi tawfiq.