Je, Wajua? Uso, Bega na Mtoto Jukwaani

Je, wajua kwamba mtoto wa Kibokoni au Kuze, Mombasa, hufika kwenye mazoezi ya drama nusu ya somo akiwa nalo tayari? Kushika tama, kubibidua midomo, kufyonya, kutoa macho, kujishika kiuno mbele ya mchokozi: yote ameyaokota barazani na jikoni. Shida huanza akisimamishwa mbele ya watu pale ukumbini Tononoka. Mikono huganda mapajani, uso ukawa mkavu.

Wajua kwamba "Haya, huzunika!" ni agizo bovu? Konstantin Stanislavski, mwalimu wa uigizaji wa Urusi aliyezaliwa 1863, alimtaka mwigizaji ajiulize angefanya nini lau jambo lile lingekuwa kweli. Jaribu kwa bakuli tupu. Mkabidhi mtoto wa miaka saba, umwambie: "Mwanangu, huu ni uji, umeepuliwa sasa hivi na umejaa pomoni. Mpelekee nyanya yako pale mlangoni, na usimwage hata tone." Mabega yatapanda. Ulimi utachungulia pembeni mwa mdomo, vidole vitahamahama kwenye ukingo kwa joto ambalo halipo, na hatua zitakuwa fupi. Hujamtajia uso wala mwili. Sasa mwongezee kwamba nyanya amelala na anataka kuamshwa taratibu. Atasimama, atatafuta pa kuliweka bakuli, na macho yatazunguka chumba kizima. Mimi sijaona zoezi lililolishinda hili, na gharama yake ni bakuli moja.

Wajua kwamba tabasamu la kweli huonekana machoni? Mwaka 1862 tabibu Mfaransa Guillaume Duchenne alieleza kuwa furaha isiyo ya bandia hukaza pia msuli unaolizunguka jicho, shavu likapanda na kope zikafinyika. Mombasa ina ushahidi wake: mteja yeyote hujua kama mama muuza mahamri aliyevaa ninja inayoacha macho tu anacheka au amekasirika. Zoezi ni rahisi. Mfunike mtoto nusu ya chini ya uso kwa leso, wenzake wabashiri hisia yake.

Na ukifunika uso wote? Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake Paris mwaka 1956, aliwavika wanafunzi kinyago kisicho na hisia yoyote ili mwili usiwe na pa kujificha.

Tukirudi machoni: Natyashastra, kitabu cha kale cha Kihindi cha sanaa za jukwaani, kinaorodhesha namna 36 za kutazama. Thelathini na sita! Mtoto anayejifunza ngoma ya bharatanatyam hufanyishwa mazoezi ya mboni peke yake, kulia, kushoto, juu, chini, kichwa kikiwa kimetulia. Katika mji wenye Wahindi wengi kama Mombasa, mwalimu wa drama hana sababu ya kutokwenda kuazima hapo.

Wajua kwamba mchezo wa kioo, ambapo watoto wawili huelekeana na mmoja kumuiga mwenzake, ni miongoni mwa michezo iliyoenezwa na Viola Spolin? Mmarekani huyu aliwafundisha watoto wa wahamiaji huko Chicago kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, na kitabu chake kilitoka 1963. Mchezo hauna maneno, kwa hiyo darasa lenye Mbajuni, Mgiriama, Msomali na Mhindi halihitaji kutafsiriwa kitu.

Hasira nayo si lazima ipigiwe kelele. Vikundi vya ngoma ya lelemama vya akina mama wa Mombasa, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana vikali karne iliyopita. Kejeli ilikuwa kwenye wimbo. Mwili ulikwenda kwa madaha. Wanaume wa ngoma ya beni, wakati huo, waliiga gwaride na sare za askari wa Kizungu. Mbinu mbili tofauti, mji mmoja, na zote mbili zafaa kufundishwa.

Wajua kwamba tamasha la kitaifa la drama la shule za Kenya lina historia inayoanzia 1959? Limelea waigizaji wengi, sikatai. Ila kuna mashairi ya kwaya ambamo watoto thelathini hukunja ndita kwa pamoja na kupiga kifua kwa pamoja kila likitajwa neno "uchungu". Hilo kwangu ni gwaride.

Wajua kwamba katika lugha ya ishara uso ni sehemu ya sarufi? Nyusi na mdomo hubeba maana ambayo vidole pekee havifikishi. Wanafunzi wa Shule ya Viziwi ya Ziwani wangeweza kuwa walimu wa wenzao wanaosikia.

Karibu na Fort Jesus, nje, upepo wa kusi hula maneno, na aliye nyuma kabisa haoni uso. Huko mgongo na mabega ndiyo huigiza, kwa hiyo mfunze mtoto kulia akiwa amewapa watu kisogo.

Na wajua kwamba mtoto huhitaji kutolewa katika uhusika? Ajikung'ute mikono, ataje jina lake na mtaa wake, anywe maji. Aliyecheza mwizi asiachwe nyuma, maana wenzake watamwita Mwizi hadi shule ifungwe.