"Kupunguza Damu" au "Kuzuia Damu Kuganda"?

Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka ovyo, tabibu huweza kutuliza kasi ya mapigo kwa dawa, kuurudisha mwendo kwa mshtuko wa umeme, au kuunguza sehemu ndogo ya moyo iletayo vurugu. Istilahi hizo hazitusumbui. Linalotusumbua ni warfarini kuitwa "dawa ya kupunguza damu". Mgonjwa aliyekwisha kuonywa juu ya upungufu wa damu ataikubalije? Naye akiiacha, damu iliyotuama moyoni yaweza kuganda, bonge likafika ubongoni na kuleta kiharusi. Dawa hii haipunguzi damu. Huchelewesha kuganda kwake. Twapendekeza "dawa ya kuzuia damu kuganda": ni ndefu, lakini humkumbusha mgonjwa kwamba akijikata atatokwa damu kwa muda mrefu. "Kizuiagando" twawaachia wapenda ufupi, mradi kisiandikwe kwenye cheti cha dawa.