Nasaba za Injini Kongwe za Dizeli Katika Barabara za Bukoba na Muleba

Wenye magari ya mizigo wa Mkoa wa Kagera, wale wanaochukua kahawa kutoka Kamachumu na Nshamba na ndizi kutoka vijiji vya Muleba kuzifikisha Bukoba, wamezoea kuliita gari kwa jina lililobandikwa usoni pake, wakasema hii Toyota, hiyo Tata, ile Daihatsu. Na mazoea hayo hayana madhara yoyote mpaka siku injini inapofunguliwa na mtu akatumwa kununua spea, maana siku hiyo ndipo inapobainika kuwa jina la gari na jina la injini ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba injini kongwe za dizeli zina nasaba yao wenyewe, iliyopita katika viwanda na nchi nyingi bila ya kujali nembo.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika pembe hii ya nchi. Bukoba iko mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,300 za barabara, na spea isiyopatikana mjini ama huagizwa Gerezani, Kariakoo, ama huvushwa ziwa kutoka Mwanza, ama huletwa kutoka soko la Kisekka mjini Kampala kwa njia ya Masaka na Mutukula. Gasketi iliyosafiri masafa hayo ikionekana haikai juu ya bloki, hasara si bei yake peke yake, bali na siku zote ambazo gari litasimama juu ya mawe, hali kahawa ingali ghalani na mikungu ya ndizi inaiva. Kwa hiyo fundi ajuaye kuitambua injini kabla ya kuagiza chochote ana ilimu yenye thamani kubwa kuliko spana zote zilizomo sandukuni mwake, na mimi naona ilimu hiyo haijapewa heshima inayoistahili.

Tazama jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Pikapu ya Hilux imevutwa mpaka gereji, nayo imekwisha badilishwa injini mara isiyojulikana, wala mwenyewe hakumbuki nani aliibadilisha. Fundi mzee humwambia kijana wake, "Osha hapo kwanza, mwanangu, tusome," na kijana huchukua brashi ya waya na kopo la dizeli, akasugua ubavu wa bloki mpaka utando wa mafuta na vumbi jekundu utoke na chuma kionekane. Kisha mzee hupaka chaki juu ya mahali palipochongwa bapa na kuifuta kwa kiganja, ili unga mweupe ubaki ndani ya herufi zilizogongwa, na hapo husomeka waziwazi: 3L.

Asiyejua atadhani tarakimu hiyo ni idadi ya silinda, au kwamba injini ina ujazo wa lita tatu, na dhana zote mbili ni batili. Katika desturi ya Toyota tarakimu ya mwanzo huonyesha mfuatano wa kuzaliwa katika ukoo, na herufi ifuatayo ndiyo ukoo wenyewe. Basi 2L, 3L na 5L ni ndugu, zote za silinda nne. Ujazo wa 2L ni sentimita za ujazo 2,446, wa 3L ni 2,779, na wa 5L ni 2,986. Herufi zikiwa zimelika kwa kutu, fundi huifungua hedi na kupima kipenyo cha silinda kwa kalipa: milimita 92 ni 2L, 96 ni 3L, 99.5 ni 5L, naye hukumbuka pia kuwa silinda iliyokwisha kuchongwa upya itazidi kidogo. Tofauti ya milimita nne iliyopo baina ya 2L na 3L si ndogo hata kidogo, kwani gasketi ya 2L ikilazwa juu ya bloki ya 3L, ukingo wa matundu yake utajitokeza ndani ya silinda, ukaungua kwa moto na kugongwa na pistoni. Na injini hiyohiyo ya ukoo wa L ilisafiri kwa jina jingine, kwa kuwa Volkswagen ilipoiuza Hilux kwa jina la Taro, kuanzia mwaka 1989, ilitia ndani yake 2L ya Toyota.

Waundaji wengine wana lugha nyingine. Isuzu huanza na idadi ya silinda, hivyo 4JB1 ni injini ya silinda nne. Mitsubishi huandika 4D56, nne za silinda na D ya dizeli, na injini hiyo ya Pajero ilipochukuliwa na Hyundai ya Korea ikapewa majina yanayoanza na D4B. Peugeot nayo iliwapa Mahindra wa India injini ya XDP 4.90, yenye silinda nne za kipenyo cha milimita 90, ili waitie katika jipu zao, na dizeli ya ukoo huohuo, ya lita 2.3, ikauzwa Ulaya ndani ya Ford Sierra. Daihatsu Delta aghalabu hubeba injini ya Toyota, kama vile 14B, na hilo si ajabu, maana Daihatsu ilikwisha ungana na Toyota tangu mwaka 1967.

Nasaba ninayoipenda kuliko zote ni ya Tata. Mwaka 1954 kampuni hiyo ya India ilifunga mkataba na Daimler-Benz ya Ujerumani, nao ulidumu miaka 15. Na ijapokuwa nyota ya Mercedes iliondoka usoni mwa malori, injini ilibaki. Tata 697 husomeka hivi: silinda sita, kipenyo cha milimita 97. Pistoni yake huenda milimita 128, jumla ya sentimita za ujazo 5,675, na vipimo hivyo ndivyo hasa vya Mercedes OM352, ile iliyowekwa katika malori ya Kijerumani na Unimog. Mwenye lori la Tata aliyeambiwa kuwa spea zake zimekwisha sokoni angefaa kumwuliza mwenye duka swali la pili: je, za OM352 zipo?

Perkins, iliyoanzishwa Peterborough, Uingereza, mwaka 1932, haikuunda gari hata moja. Kazi yake ilikuwa kuunda injini na kuwauzia wengine. Majina yake hukadiria ujazo kwa inchi: 3.152 ni silinda tatu na inchi za ujazo 152, injini ya trekta la Massey Ferguson 135, na 4.236 ni silinda nne na inchi za ujazo 236, karibu lita 3.9, nayo imo katika trekta, jenereta, boti na mashine za kupakilia. Kwenye vibanja vya migomba trekta halina nafasi, lakini mtu wa Bukoba anaweza kuikuta 4.236 ikivuma ndani ya nyumba ya jenereta.

Sababu ya ushirika huu ni gharama. Kusubu bloki ya dizeli na kuichonga kwa usahihi kunahitaji mtambo wenye thamani kubwa mno kwa kampuni inayouza magari machache. Hata pampu ya nozeli hufuata kanuni hiyo: pampu ya VE ya Bosch iliundwa kwa leseni Japani na Diesel Kiki na Nippondenso, ndiyo maana fundi mmoja wa pampu huweza kuhudumia nembo nyingi kwa meza moja ya kupimia.

Walakini udugu wa injini una mipaka, na hapa wengi hupotea. Pistoni, ringi, gasketi na beringi huweza kuwa sawa, hali vya nje vinakataa. Perkins ya trekta ina karai la oili la chuma kizito kilichosubiwa, kwa sababu injini yenyewe ni sehemu ya mwili wa trekta na hubeba uzito wake. Ukiitia katika lori, karai hilo halitapita. Kadhalika miguu ya injini, flaiwili na mahali pa kufungia gia boksi hutofautiana baina ya nembo na nembo.

Tena kuna sheria. Kadi ya gari ya Tanzania huandikwa nambari ya injini, kwa hiyo abadilishaye injini hana budi kupeleka mabadiliko hayo Mamlaka ya Mapato (TRA), la sivyo siku ya kuliuza gari, au siku ya kukaguliwa na askari, chuma na karatasi zitatoa ushahidi unaopingana.

Ilimu hii yote, katika gereji za Rwamishenye na Muleba, imo vichwani mwa wazee na kwenye vipande vya maboksi vilivyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Naomba vyuo vya ufundi vya mkoa viwaketishe wazee hao na kuandika daftari la Kiswahili, kila injini na ukurasa wake: herufi zilizogongwa na mahali zilipogongwa, kipenyo, mwendo wa pistoni, aina ya pampu, magari yote yanayoitumia, na mwishoni orodha ya vile visivyoingiliana.