Kuiona Siku Ijayo: Njia ya Kuwatia Wazee Wetu Hamu ya Kutembea

Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za michezo: nani alishinda mbio, na bweni gani lilitwaa kikombe. Leo naomba niandike juu ya watu ambao hatuwakumbuki kabisa linapotajwa neno mazoezi, nao ni babu na bibi zetu. Nataka kueleza njia moja ya kuwatia hamu ya kuushughulisha mwili, njia isiyotaka fedha wala kiwanja. Njia yenyewe ni kumsaidia mzee aione siku ijayo moyoni mwake, kana kwamba imekwisha kufika.

Kwanza yafaa tujue kwa nini jambo hili ni zito. Kwetu Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mtu hupanda na kushuka maisha yake yote. Shamba liko mtelemkoni, maji yako bondeni, na ndugu yako anakaa ng'ambo ya kijito. Mzee wa huku hakuwa na haja ya kufundishwa mazoezi. Lakini siku magoti yakianza kuuma, sisi wajukuu humwambia, "Pumzika Bibi, maji tutachota sisi." Twasema hivyo kwa mapenzi. Basi mzee huketi barazani. Misuli isiyotumika hupungua, miguu hukosa nguvu, mzee huogopa kuanguka, na kwa kuogopa huzidi kuketi. Hivyo mapenzi yetu yaweza kumfunga mtu kwenye kigoda chake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema kwamba hata watu wa miaka 65 na zaidi wanahitaji dakika 150 hadi 300 kwa juma za kazi ya kiasi, kama kutembea kwa mwendo wa kuchangamka. Tena wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, siku tatu au zaidi kwa juma. Asiyeweza kutimiza kiasi hicho afanye anachoweza, kwa maana kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Hapa Tanzania nako wito ulitolewa. Mwezi Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mijini watu walijitokeza wakakimbia. Lakini mzee wa mlimani akisikia neno mazoezi hucheka, akidhani ni mambo ya vijana na viatu vya raba.

Likizo iliyopita nilimkuta bibi yangu ameacha kabisa kutoka nyumbani. Nikajifanya mwalimu. Nilimweleza habari za shinikizo la damu, kisukari na moyo, kama nilivyosoma katika Biolojia. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Mume wangu, umesoma sana. Lakini hiyo miguu niinyanyue niende wapi?" Sikuwa na jibu.

Baadaye nilifahamu kwamba swali lake ndilo kiini cha jambo. Binadamu ana tabia ya kuithamini faida ya leo kuliko ya mbali. Ukimwambia mtu achague shilingi elfu kumi leo au elfu kumi na tano baada ya miezi mitatu, wengi watachukua za leo. Vivyo hivyo, maumivu ya goti ni ya leo, na afya njema ni ya siku isiyojulikana. Basi goti hushinda. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Ujerumani, Jan Peters na Christian Büchel, waliwapa watu uchaguzi wa fedha wa namna hii. Walipowakumbusha jambo fulani walilokuwa wamepanga kulifanya siku ile ya mbele, watu wale walikubali zaidi kungoja. Siku ya mbali ilipopata sura, ilipata na thamani.

Je, akili huipataje sura ya siku ambayo haijafika? Mwanachuoni Endel Tulving wa Canada aliandika mwaka 1985 habari za mtu aliyeumia kichwa, akawa hawezi kukumbuka tukio lolote la maisha yake. Alipoulizwa atafanya nini kesho, hakuona kitu. Palikuwa patupu kama jana yake ilivyokuwa tupu. Kwa hiyo twajifunza kwamba kesho hujengwa kwa miti na udongo wa jana. Mwaka 2008 Donna Addis na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba wazee, wakisimulia mambo yaliyopita au kuwaza yajayo, hutaja mambo madogo madogo machache kuliko vijana. Hapo ndipo mjukuu anapofaa. Kazi yake si kuhubiri, bali ni kuuliza maswali mpaka picha ikamilike.

Nami nikajaribu. Kwanza nilimchagulia picha mimi mwenyewe. Nilimwambia, "Bibi, jione umekuja kwenye mahafali yangu, unapanda kutoka barabarani mpaka shuleni." Alitabasamu tu, nikaona haikumgusa. Ilikuwa picha yangu, si yake. Ndipo nikamwuliza yeye angependa kwenda wapi kama miguu ingekubali. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Kwa dada yangu." Dada yake anakaa kitongoji cha pili, ng'ambo ya kijito, na walikuwa hawajaonana tangu masika ya mwaka jana, ingawa ni mwendo wa chini ya saa moja kwa mtu mzima wa afya.

Nikaendelea kuuliza. Utapita njia gani? Utapumzika wapi? Utamkuta anafanya nini? Atasema nini akikuona? Alisema atapumzika chini ya mfenesi mkubwa ulio katikati ya njia, na kwamba dada yake atakuwa anaanika mpunga na atamcheka kwa fimbo yake. Alipofika hapo alianza kucheka mwenyewe.

Lakini mara uso ukabadilika, akasema, "Mjukuu wangu, kesho ni ya Mungu. Mtu wa umri wangu haulizwi mambo ya mwezi ujao." Neno hili wengi wetu tutaambiwa, wala si la kupuuzwa, maana mzee akiitazama siku ijayo huliona na kaburi. Nilimjibu kwa adabu kwamba ni kweli, lakini mwaka juzi yeye mwenyewe alipanda miche ya mikarafuu nyuma ya nyumba, na mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Aliyepanda mkarafuu amekwisha kuiona siku ijayo, na hakumkosea Mungu kwa hilo. Alinyamaza, kisha akaomba fimbo yake.

Ndugu wasomaji, tusidhani kwamba picha nzuri peke yake yatosha. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapa habari za wanawake waliokuwa wakijaribu kupunguza uzito. Waliokuwa wakiota ndoto tamu za mafanikio walipungua kidogo kuliko wengine. Mwenye kuota tu ni kama aliyekwisha kufika, hana haja ya kusafiri. Kwa hiyo baada ya picha hapana budi kutaja kizuizi, kisha kuweka azimio la namna ambayo mtaalamu Peter Gollwitzer aliieleza mwaka 1999: likitokea hili, nitafanya lile. Bibi alisema kizuizi chake ni mvua na utelezi. Basi tuliagana hivi: akimaliza chai ya asubuhi, atatembea mpaka mti aliouchagua siku hiyo, mvua ikinyesha, atasimama na kuketi mara kumi barazani, ameshika nguzo.

Kwa ufupi, anayetaka kuijaribu njia hii na afuate mambo haya:

1. Mzee achague mwenyewe siku na mahali anapopatamani, na pawe panawezekana.
2. Aulizwe habari za njia, watu, sauti na harufu, na jinsi mwili wake utakavyokuwa.
3. Kitajwe kizuizi, na azimio la kukishinda.
4. Aanze kwa hatua chache, na kuongeza polepole. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au aliyeanguka karibuni aonane kwanza na mganga wa zahanati.
5. Mzee asilazimishwe. Akisema leo hapana, tukae naye tuzungumze.

Mtauliza, je, bibi alifika kwa dada yake? Sitaki kusema uongo katika gazeti letu. Siku ninarudi shuleni alikuwa amefika mara mbili kwenye ule mfenesi, ambao ni nusu ya njia, na mara nyingine alishindwa akarudi. Magoti bado yanamwuma. Lakini asubuhi ile alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakulifanya likizo iliyotangulia, na aliposimama kupumzika alinionyesha kwa fimbo upande anaokaa dada yake.

Likizo inakaribia. Kila mmoja wetu ana mzee nyumbani aliyeketi kwa sababu sisi tulimwambia aketi. Tusimpelekee hotuba. Tumwulize angependa kwenda wapi, kisha tuchukue mwendo wake, hata ukiwa wa polepole, tuandamane naye mpaka mti wa kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.