Umeme ukikata hujasevu: Namna ya kuokoa kazi kwenye kompyuta ya nyumbani

Mto Rufiji ndio unaoendesha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Lakini wingi wa umeme haumhakikishii mkazi wa Mbwara au Kibiti kwamba hautakatika akiwa anachapa. Tawi likiangukia waya, umeme unaondoka. Aprili 1, 2024 hitilafu kwenye Gridi ya Taifa iliacha sehemu kubwa ya nchi gizani.

Kwa mwalimu anayetunga mtihani wa kesho, mtendaji anayechapa muhtasari wa kikao au kijana anayeandika maombi ya kazi siku ya mwisho, sekunde moja inatosha kupoteza kazi ya saa tatu.

Kwa nini inapotea?

Maandishi ambayo hayajaseviwa yapo kwenye kumbukumbu ya muda, maarufu kama RAM. Umeme ukizimika, kila kilichomo humo kinafutika. Kusevu ndiko kunakoyahamishia kwenye diski, ambako yanabaki hata kompyuta ikizima.

Mambo 5 ya kufanya mapema

1. Sevu kabla ya kuandika. Fungua ukurasa mpya, bonyeza Ctrl na S kwa pamoja, lipe faili jina, ndipo uanze kuchapa. Baada ya hapo bonyeza tena kila unapomaliza aya.

2. Punguza dakika. Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, kama hujabadilisha. Ingia "File", "Options", kisha "Save", uweke dakika 1 au 2. Kwa LibreOffice pita "Tools", "Options", "Load/Save", halafu "General".

3. Usidanganywe na swichi ya "AutoSave". Ile iliyo juu kwenye Word hufanya kazi kwa faili zilizowekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, kama OneDrive. Faili ikiwa kwenye kompyuta tu, bado ni kazi yako kusevu.

4. Tafuta akiba ya umeme. Laptop yenye betri nzima haizimi umeme ukikata. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS. Kumbuka kifaa hicho ni cha kukupa dakika chache za kusevu na kuzima vizuri, si cha kuendelea na kazi. Anayetumia sola naye asisubiri betri iishe.

5. Weka nakala pengine. Andikia kwenye kompyuta, ukimaliza ndipo ukopi kwenye flashi. Kuandikia moja kwa moja kwenye flashi ni hatari, kwa sababu umeme ukikata wakati wa kusevu faili inaweza kuharibika. Ukiwa na bando, jitumie faili kwa WhatsApp au barua pepe.

Umeme umeshakata, ufanyeje?

Ukirudi, fungua Word. Upande wa kushoto inaweza kutokea orodha iitwayo "Document Recovery". Chagua nakala yenye muda wa karibuni zaidi, isome, kisha isevu papo hapo kwa jina jipya.

Kama tatizo si umeme, bali ulifunga ukabonyeza "Don't Save" kwa bahati mbaya, ingia "File", "Info", "Manage Document", halafu "Recover Unsaved Documents". Usikawie, kwani nakala hizo hufutwa baada ya siku 4.

Hata hivyo, kinachorudi ni kile kilichokuwepo wakati nakala ya mwisho ilipotunzwa. Aliyeacha dakika 10 anaweza kupoteza dakika zote 10, na programu ikishindwa kutunza nakala hiyo, hakuna cha kurudisha. Ndiyo maana Ctrl na S bado ndiyo kinga ya kwanza, na haihitaji bando wala pesa.